Upimaji wa Bure kwa Fundi

Wifi yangu amesomea afya ya jamii miaka mitatu, na mimi nimesomea cherehani kwa kuangalia vidole vya shangazi yangu. Kwa hiyo alipoingia dukani kwangu ile Jumatano asubuhi, kakumbatia faili, kavaa barakoa mbili moja juu ya nyingine, akaniambia amekuja kutoa elimu, nilimwambia akae kwanza nimalize kutunga uzi. Elimu ingesubiri. Mwenye suruali alikuwa ameshapita mara mbili kuniuliza.

Mtaani walikuwa wameshambatiza jina: Asilimia. Hakuna sentensi iliyomtoka bila asilimia ndani yake. Muuza mboga alimuuliza siku moja kama mvua itanyesha, akajibiwa kuwa uwezekano ni asilimia arobaini. Mama wa watu akabaki hajui aanike nguo au aanue. Ofisini kwao walimpangia mtaa wetu kwa sababu amezaliwa na kukulia hapa, wakadhani watu watamsikiliza. Hawakujua kwamba mtu uliyemfuta kamasi akiwa mdogo humsikilizi kirahisi akirudi na faili.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia mjini wiki sita nyuma. Homa, kifua, pumzi kukata. Shule zilifungwa, soko likawa la nusu siku, na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikwama mpakani na shehena ya saruji. Kila siku alipiga simu kuuliza kama mama yake anakula. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, anaishi na sisi, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na duka. Ukuta huo ni mwembamba sana. Nikipiga chafya huku, yeye hunitakia afya kule.

Na ile Jumatano, wifi hajafungua hata faili lake, ukuta ulikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha kufichwa, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mto. Wifi akaniangalia.

"Kimeanza lini hicho?"

"Juzi. Jumatatu."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema nikikuambia nitamjua yeye ni nani."

Wifi alianza kuhesabu kwa vidole, na safari hii hakutaja asilimia hata moja. Kuna vidonge, alisema, vipo kituoni, na kwa watu wa umri wa mama vinasaidia kweli, ila lazima vianzwe ndani ya siku tano tangu dalili ya kwanza. Havitolewi kwa kukisia. Mtu apimwe, majibu yaonyeshe, ndipo apewe. Majibu huchukua siku moja. Vifaa vya kupimia vingefika mtaani kwetu kesho yake, Alhamisi, vikae siku hiyo tu, kisha vihamie mtaa mwingine.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano," alisema akikunja kidole kimoja kimoja. "Kesho tunampima. Ijumaa majibu, Ijumaa hiyo hiyo anaanza dawa. Hiyo ndiyo siku ya tano. Tukikosa kesho, wifi, tumekosa."

Akanipa barakoa, akafungua madirisha yote ya nyumba yangu bila kuniomba ruhusa, kisha tukaenda kusimama mlangoni kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani na shuka mabegani, macho mekundu, uso wa mtu aliyeonewa.

"Mama, kesho utapimwa," wifi akasema.

"Sipimwi."

"Ni kipimo kidogo tu, mama. Asilimia tisini na tisa ya waliopimwa hawakupata..."

"Sipimwi, nimesema. Mpime huyo mke wa kaka yako, ndiye anayenenepa."

Nilijizuia nisicheke, nikashindwa. Wifi hakucheka. Alimwaga takwimu dakika kumi nzima, za mkoa, za umri, za wanaume na za wanawake, na mama akageukia ukutani akavuta shuka mpaka sikioni. Hakusema sababu. Nami sikuuliza, nikidhani ni ule ukaidi wake wa siku zote, wa mtu aliyekula chumvi nyingi na anayejua hakuna wa kumfanya lolote.

Tulirudi dukani roho juu. Wifi akasema pengine mama akiona mtaa mzima umejitokeza, naye atajitokeza, kwa hiyo tangazo lazima liwe zuri. Akatoa karatasi aliyoiandika usiku kucha, akanisomea: "Wananchi wote mnaombwa kujitokeza kushiriki zoezi la uchukuaji wa sampuli za mfumo wa upumuaji kwa ajili ya utambuzi wa mapema wa maambukizi."

"Wifi," nikamwambia, "hapo hata mimi nimeshakimbia."

"Ndiyo lugha sahihi."

"Sahihi kwa nani? Unajua Spika anasoma herufi moja moja. Akifika kwenye huo mfumo wa upumuaji, atapungukiwa pumzi yeye mwenyewe."

Spika ni yule bwana wa baiskeli na kipaza sauti. Kuku akipotea, mkutano ukiitishwa, maji yakikatwa, Spika ndiye anayepita na habari. Ana sauti nzuri na haraka nyingi, na sentensi ndefu humchosha.

Nikamnyang'anya wifi kalamu. Nitasema ukweli hapa, maana nimeshajilaumu vya kutosha: nilikuwa natafuta sifa. Nilitaka aone kwamba mtu asiye na cheti anaweza kuongea na watu kuliko ofisi yao nzima. Nikaandika: "Kesho saa tatu asubuhi, upimaji wa bure kwa fundi. Watu wote mje mpimwe." Sentensi fupi, tamu, karibu uicheze. Kwa kuwa meza ya kupimia ingewekwa barazani kwangu, nikaandika kwa fundi, nani asiyenijua? Jioni ile Spika aliizungusha mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshaitia mdundo.

Alhamisi, saa tatu haijafika, nilifungua mlango wa duka nikakuta foleni imepinda kona. Nikamwita wifi, aliyekuwa ndani akivaa joho lake la plastiki, aje aone kazi ya maneno machache. Halafu nikaanza kuangalia mikono ya watu. Mpagazi wa sokoni alikuwa amekumbatia kitambaa cha kaki. Muuza mboga alikuwa na cha maua, bado kina mikunjo ya dukani. Binti mmoja alikuwa amenyanyua simu juu yenye picha ya gauni, mgongo wazi.

"Fundi," mpagazi akasema, "mimi nataka mifuko minne. Miwili mbele, miwili nyuma, na ya nyuma iwe na vifungo."

"Mifuko ya nini?"

"Ya suruali. Si mmesema mnapima bure? Au bure ni kupima, kushona tutajijua?"

Hapo nikapigwa na butwaa. Kazi yangu mimi ni kupima. Miaka kumi na nane nimewapima watu hawa, mabega, kifua, kiuno, urefu. Mtaa mzima umo kwenye daftari langu. Najua nani kapungua kwa mawazo na nani anadanganya kwamba kapungua. Ukimwambia mtu wa mtaa huu aende kwa fundi akapimwe, atanyoosha mikono na kuvuta tumbo ndani. Aliyeliandika lile tangazo ni fundi mwenyewe, na wala hakuliona hilo.

Bado ningeweza kuokoa mambo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaeleza, lakini upande wa pili wa barabara akatoka fundi mwingine.

Seremala wetu ni mtu mpole, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hutengeneza vitanda, meza na milango, na kwa miezi ile, Mungu atusamehe, majeneza kuliko vitanda. Wifi alikuwa amemwomba aje kuchora alama za chaki barabarani, mita moja kati ya mtu na mtu, kwa sababu ana futi ya chuma isiyodanganya. Lilikuwa wazo zuri kabisa. Seremala alianzia mkiani mwa foleni, akaivuta futi ikalia chwaa, akamwambia mzee wa kwanza aliyemkuta, kwa sauti yake ile ile ya upole:

"Simama hivyo hivyo, mzee. Usitingishike. Napima mara moja tu."

Foleni nzima iligeuka.

"Kumbe fundi mwenyewe ni huyu," mtu akasema taratibu.

"Ndiyo maana bure," mwingine akadakia. "Wanatupima mapema kabisa."

Na wifi akachagua dakika hiyo hiyo kutoka ndani, mweupe kichwani mpaka miguuni, kioo cha plastiki usoni, na mkononi kijiti kirefu chenye pamba.

Sijawahi kuona barabara ikiishiwa watu vile. Mpagazi, ambaye kila nikimwomba anisogezee cherehani husema mgongo unamuuma, aliruka mtaro na kitambaa chake kichwani. Yule mzee wa mkiani aliwapita vijana wawili. Muda wa kumeza mate, tukabaki watatu, mimi, wifi na seremala, na ndara moja ya mguu wa kushoto.

"Mimi nilikuwa napima ardhi," seremala akasema, futi ikiwa bado imenyooka mbele yake.

Juu ya bega lake niliona dirisha la pembeni la nyumba yangu, lile la chumba cha mama. Alikuwa amesimama pale akitazama. Alimtazama seremala, akaitazama futi, kisha akafunga pazia.

Wifi alikaa kwenye ngazi ya baraza. Kile kioo chake kilianza kuingia ukungu kwa ndani, na nikajua analia. Niliona aibu kubwa. Nimewahi kukata kitambaa cha bibi harusi upande usio sawa, siku mbili kabla ya harusi, na sikuona aibu kama ile.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilitaka maneno mafupi."

"Yako mafupi mno, yangu marefu mno," akasema. "Na mama yuko katikati, anakohoa."

Ilikuwa saa nne kasoro. Gari la vifaa lingeondoka saa kumi. Nikamwambia anyanyuke tukamwone mama, na safari hii yeye aache faili nje na mimi niache ulimi.

Tulimkuta kitandani, mgongo umenyooka, anatusubiri. Wifi alivuta kigoda akakaa karibu na mlango. Aliuliza swali ambalo sisi sote wawili, na akili zetu zote, hatukuwa tumeliuliza.

"Mama, ukisikia kupimwa, unasikia nini?"

Mama alikohoa, safari hii bila mto.

"Baba yenu alipofariki," akasema, "wewe ulikuwa chuoni, hukuwahi kufika asubuhi ile. Seremala alikuja na kamba. Alisimama hapo mlangoni, hapo ulipokaa, akaniambia, mama, nimekuja kumpima. Akampima juu ya kitanda hiki, kichwani mpaka kisiginoni, akafunga fundo, akaondoka na kamba yake. Sijamlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini jana nakohoa humu ndani, nasikia kipaza sauti kinapita kinasema niende kwa fundi nikapimwe. Leo nafungua pazia, namwona na futi. Sasa nyinyi mlitaka nifikirie nini?"

Nilikosa pa kuweka macho. Miaka mitano nimelala nyumba moja naye, na kamba ile sikuwahi kuisikia.

Nilimwona wifi akitafuta takwimu kichwani, nikamwona akiziacha.

"Mama, mimi naogopa," akasema.

Mama akamkazia macho. "Unaogopa asilimia ngapi?"

"Mia."

Hakuna aliyecheka. Mama alishusha shuka mabegani, akalikunja mara mbili kwa utaratibu kama anavyokunja kila kitu, akaliweka juu ya mto. Nikaona nafasi yangu, nikafanya jambo pekee ninalolijua. Futi yangu ya kitambaa ilikuwa shingoni kama kawaida. Nikaivua.

"Mama," nikasema, "kile kitambaa cha zambarau alichokuletea mwanao miaka mitatu iliyopita, kile unachosema utakishona ukipata sababu. Simama nikupime."

"Nakufa mimi, wewe unanipima gauni."

"Ukifa nitalivaa mimi. Simama."

Alisimama. Sina hakika ni kwa hasira au kwa mapenzi. Kwa mama mkwe wangu vitu hivyo hukaa chumba kimoja. Nilivaa barakoa yangu vizuri nikampima mabega, mikono, kifua, kiuno, nikavitaja vipimo kwa sauti na wifi akaviandika kwenye mgongo wa ile karatasi yake ya sampuli. Nilipofika kwenye urefu, nikapiga magoti kushika futi chini, nikamsikia mama juu yangu akivuta pumzi kwa shida.

"Mikono iwe mirefu," akasema. "Na usinibane. Umezoea kubana watu."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Haya, sasa wewe. Lakini si humu. Nitapimwa barazani, mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti. Na kwanza uniambie unafanya nini, kwa Kiswahili."

Wifi alimweleza palepale. Kijiti chenye pamba kinaingia puani. Kinakera, kama maji yanapokuingia puani ukiwa unaoga. Utahesabu mpaka kumi, machozi yatakutoka, halafu basi. Mama akasema kumbe ni hilo tu, na kwa nini hakusema jana. Wifi hakujibu, na nilimheshimu sana kwa kutojibu.

Mama akavaa barakoa, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, polepole, mkono ukutani. Seremala alikuwa bado amesimama barabarani, hajui aende au abaki. Mama alimwita kwa mbali.

"Seremala, niangalie vizuri. Mimi siko kwenye kazi zako za wiki hii."

"Wala usiwe, mama," seremala akasema. "Nimechoka na kazi hizo."

Mapazia ya mtaa mzima yalikuwa yanachezacheza. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, mwisho wa baraza, peke yake, akainua kidevu. Wifi akainama na kijiti. Tukasikia mama akihesabu kwa sauti kubwa, moja mpaka kumi, na alipofika saba akasema neno ambalo sitaliandika. Kisha akapiga chafya kwenye kiwiko chake, akafuta machozi, akavuta barakoa yake juu ya pua, akakaa pale dakika nzima ili kila mwenye pazia amwone kuwa yu hai.

Muuza mboga alikuwa wa kwanza kutoa kichwa mlangoni.

"Mama, ni kweli kinafika kwenye ubongo?"

"Cha kwako kisingekuta kitu," mama akasema.

Vicheko vilitoka nyuma ya milango, na nikajua mtaa umerudi.

Tangazo la pili tulilitunga watatu, mama akiwa ameshafungiwa chumbani, akisemea dirishani. Wifi aliweka ukweli, mimi nilipunguza maneno, mama aliyajaribu mdomoni na kuyakataa yale yasiyotamkika. Mimi pia nilipimwa, nikakatazwa kumkaribia mtu yeyote. Spika alipolipata karatasini alilisoma mara moja akasema hili hata kipofu angelisoma, akapanda baiskeli.

"Si nguo, si jeneza, ni pua tu! Kijiti puani, hesabu mpaka kumi, nenda nyumbani! Ukikutwa na ugonjwa, dawa ipo! Mama yake Asilimia ameshapimwa, na anawasalimu!"

Hiyo ya mwisho mama aliishikilia. Alisema bila hiyo halitoki.

Kuhusu wale waliokuja kushonewa, sikutaka waondoke mikono mitupu, maana aliyewadanganya ni mimi. Nina gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki miaka yote hiyo, nikaamua kuwashonea barakoa za bure. Nikakata nyuzi, nikazining'iniza mlangoni, na kila aliyepita kwenye kiti cha wifi akachukua uzi wake, akajipima mwenyewe uso, sikio mpaka sikio, akafunga fundo, akautia kwenye bakuli na jina lake kwenye karatasi. Mimi nilikaa ndani, mbali, nikipiga kelele wasivute uzi. Mpagazi alipima mara nne kwa sababu alidai uso wake ni mpana kuliko uzi. Nikamwambia ni kweli, na nitamwekea na mfuko wa nyuma wenye kifungo.

Seremala alimaliza alama zake za chaki, kisha akaleta benchi mbili mpya za wazee kukalia. Hakuna aliyetaka kukaa mpaka alipokalia yeye mwenyewe. Foleni iliisha saa tisa na nusu, na wifi aliniambia ni watu mia moja na kumi na wawili. Nikasubiri aniambie ni asilimia ngapi ya mtaa. Alikunywa maji tu.

Ijumaa saa sita majibu yakaja. Wifi alisimama nje ya dirisha la mama na karatasi mkononi. Jana yake asubuhi angesema majibu ni chanya, na nusu ya mtaa ingepiga vigelegele. Hakusema hivyo.

"Mama, ugonjwa wameuona. Unao. Na dawa ninayo hapa mfukoni, unaanza sasa hivi."

"Basi lete," mama akasema. "Maneno mengi ya nini."

Mimi sikuwa nao. Nikapewa masharti ya siku kadhaa: chakula mlangoni, kugonga, kurudi nyuma. Siku ya pili na ya tatu tangu aanze dawa zilikuwa mbaya. Mama aliungua homa, wifi alikuja asubuhi na mchana na kifaa kidogo cha kubana kidole, cha kupima hewa kwenye damu, na mume wangu alipiga simu mara tisa kwa siku moja. Nilimwambia mama anakula. Ilikuwa vijiko vitatu.

Nilikuwa nashona lile gauni la zambarau. Sikuwa na kazi nyingine niliyoiweza. Alasiri moja nilikuwa katikati ya mkono wa kushoto, nikasimamisha cherehani nisikilize ukuta, na ukuta ulikuwa kimya. Hapana kikohozi wala mguno. Nilikaa na mguu juu ya pedali, naogopa kuita nisije nikakosa jibu. Halafu nikasikia kidole kikigonga, ngo, ngo, na sauti nyembamba.

"Mbona umeacha? Shona."

Nilishona na machozi yananidondokea kwenye kitambaa, na mshono ule mpaka leo umepinda kidogo. Sijauondoa.

Kuanzia hapo ukuta ulianza kunipa amri. Pindo liwe pana. Shingo isiwe ya kizee. Vifungo viwe vya kufunika kitambaa, si vile vya plastiki ninavyowawekea watu nisiowapenda. Alipoanza kulalamika kwamba chakula hakina chumvi, wifi aliweka faili lake chini akanikumbatia barazani, mbele za watu, kisha akakumbuka masharti akaruka nyuma mita moja.

Siku ya kumi na mbili alimruhusu kutoka. Mama alioga, akapaka mafuta, akaja dukani kwa miguu yake akasimama mbele ya kioo changu kirefu. Nje walikuwa wamekusanyika kwenye alama zao za chaki, barakoa usoni, muuza mboga kwenye maua yake, mpagazi kwenye kaki yenye kifungo shavuni. Seremala alikuwa mlangoni kwake na mguu wa kitanda mkononi, kitanda cha harusi, alisema. Nilimvika mama lile gauni kwa kichwani, nikafunga vifungo kimoja kimoja mgongoni, nikarudi nyuma nimtazame.

Lilikuwa limemmeza. Mabega yalimshukia kwenye mikono, na kiunoni angeingia mtu mwingine. Ugonjwa ulikuwa umemla zaidi ya nilivyodhani, na mimi nilikuwa nimemshona mtu wa Alhamisi ile. Wifi alishika barakoa yake kwa mkono.

Mama alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia. Alishika kitambaa kilichozidi kiunoni, akakivuta mbele kionekane na watu wote. Kisha akanyoosha mkono, akaivua futi shingoni mwangu, akaniwekea kiganjani.

"Umenishonea turubai," akasema. "Nipime tena."